Jinsi ya Kusoma Majibu ya Tahadhari Unapowahoji Mameneja

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine kutoka kwa watafiti wanaoanza ni hili: "Nimezungumza na meneja kwa saa nzima, hakukataa swali hata moja, lakini nikisoma unukuzi, yaani mazungumzo yetu niliyoyaandika neno kwa neno, sikuti kitu cha kuandika. Je, mahojiano yangu yameharibika?" Kwa kawaida hayajaharibika. Kilichotokea ni kwamba mtafiti alikwenda kutafuta habari, akapewa tahadhari, na kwa kuwa hakujua kuisoma akaiona kuwa ni utupu. Mwongozo huu unahusu kuisoma.

Neno "tahadhari" nalitumia kwa makusudi badala ya "uongo" au "kuficha". Meneja yuko katikati: juu yake wapo wanaompa maagizo na kumtathmini, chini yake wapo anaowaongoza na ambao kesho watamtazama usoni, na pembeni kuna mikataba, mashauri ya nidhamu na siri za watu ambazo hana haki ya kuzitoa. Anapochagua maneno, mara nyingi kuna mtu au jambo analolilinda. Kazi yako si kuuvunja ulinzi huo, bali kuonyesha ulianzia wapi katika mazungumzo, ulihusu jambo gani, na una ushahidi gani wa kueleza sababu yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Fomu ya ridhaa iliyosainiwa, na kumbukumbu kamili ya yale uliyoahidi ndani yake.

Kinasa sauti, ikiwa umeruhusiwa kukitumia, pamoja na unukuzi unaohifadhi vituo (mahali mzungumzaji aliponyamaza), vicheko na sentensi zilizokatika njiani. Huhitaji mfumo kamili wa alama alioubuni Gail Jefferson kwa wachambuzi wa mazungumzo. Inatosha kuandika urefu wa kituo kwa sekunde ndani ya mabano. Unukuzi uliosafishwa na mtu mwingine ili usomeke vizuri haukufai kwa kazi hii, kwa sababu alichokisafisha ndicho unachokitafuta.

Nyaraka za wazi za mahali pa kazi, kama vile sera, matangazo kwa wafanyakazi na taarifa ya mwaka. Zisome kabla ya mahojiano ili uzitambue sentensi zake zitakapotoka kinywani mwa meneja.

Mchoro wa madaraka unaoonyesha nani anawajibika kwa nani, na orodha fupi ya mambo makubwa yaliyotokea katika miezi 12 iliyopita: mabadiliko ya uongozi, watu waliopunguzwa, migogoro, ukaguzi.

Hatimaye, saa moja isiyo na shughuli nyingine mara baada ya mahojiano. Wengi huipuuza, kisha hulazimika kubuni kumbukumbu wiki mbili baadaye.

Hatua za kufuata

1. Andika mazingira kabla ya maneno. Katika ile saa ya baada ya mahojiano, kabla hujasikiliza rekodi, andika nani alikuruhusu kuingia, nani alimchagua meneja huyu azungumze nawe, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, na simu iliita mara ngapi. Andika pia alikuchukulia kuwa nani, kwa sababu meneja aliyeambiwa na mkuu wake "kuna mtu atakuja kukuuliza maswali" anaweza kukuona kama mkaguzi hata baada ya kusaini fomu inayosema vinginevyo. Nimewahi kusoma mahojiano kumi na mawili yaliyojaa tahadhari ya aina moja, na maelezo yote yakawa katika sentensi moja ya barua ya utambulisho iliyotumwa na idara ya rasilimali watu: ilisema matokeo "yatasaidia kutathmini utendaji". Hapakuwa na siri yoyote ya kufumbua. Barua ilikuwa imewatisha.

2. Tafuta sauti yake ya kawaida. Ndani ya mahojiano yenyewe, dakika kumi za mwanzo uliza mambo yasiyo na hatari: aliingiaje katika kazi hii, siku yake ya jana ilikuwaje tangu asubuhi, ni kazi gani humchukulia muda mwingi. Kisha uangalie katika unukuzi majibu hayo yana urefu gani, anataja watu kwa majina au kwa vyeo, anasema "nilifanya" au "tulifanya", anatoa mifano bila kuombwa au hatoi. Hicho ndicho kipimo chako. Wapo watu wanaozungumza kwa sentensi fupi maisha yao yote, na wapo ambao kwa unyenyekevu husema "tulifanya" hata kwa kazi waliyoifanya peke yao usiku kucha. Meneja hupimwa kwa maneno yake mwenyewe. Usimpime kwa maneno ya meneja mwenzake aliyekuchangamkia.

3. Tia alama kila mahali lugha inapobadilika. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa kwa tahadhari hujionyesha ndani ya kitenzi.

Fuata kwanza kiambishi cha nafsi. Meneja aliyekuwa akisema "niliamua" anahamia "tuliamua", kisha "waliamua", na mwisho "iliamuliwa". Kila hatua inamwondoa kidogo kutoka kwenye tukio. Baada ya hapo angalia kauli ya kitenzi. Kauli ya kutendwa, kama "zamu zilipunguzwa", inamficha mtenda lakini inakuachia nafasi ya kuuliza "na nani?" Kauli ya kutendeka, kama "imeshindikana" au "haikuwezekana", haina nafasi hiyo kabisa, jambo linaonekana kujitokea lenyewe, na ukitaka kujua mtenda itabidi ubadilishe kitenzi chenyewe. Ikiwa meneja anatumia kauli ya kutendeka kwa uamuzi ambao mchoro wa madaraka unaonyesha uko mikononi mwake, hapo weka alama nzito.

Sikiliza wakati pia. Umeuliza "mara ya mwisho mlipokaa na wafanyakazi mlijadili nini?", naye anajibu "huwa tunakaa nao kila mwezi". Swali lilikuwa la tukio, jibu likawa la desturi. Huenda kikao cha karibuni hakikufanyika, huenda kilifanyika kikaharibika, au huenda hakumbuki. Unachojua kwa hakika ni kwamba tukio halikutajwa. Kwa namna hiyo hiyo, "bado hatujafika huko" hukiri kwamba jambo halijafanyika na papo hapo hudokeza kwamba liko njiani, nayo "hatuna tatizo kubwa" humwachia msikilizaji ajiulize kuhusu matatizo madogo. Neno "changamoto" limekuwa blanketi. Mhojiwa akilitumia, mwombe akutajie moja.

Chukua mfano huu niliouunda kwa ajili ya maelezo. Mwanzoni meneja anasema: "Nilianza kama fundi, nikapewa kikosi cha watu sita, nikagombana nao wiki ya kwanza." Baadaye unamuuliza uamuzi wa kuondoa zamu ya usiku ulifikiwaje, naye anajibu: "Kwa kweli (3) ilionekana kwamba, kwa kuzingatia hali halisi, ni vyema zamu zipangwe upya. Wafanyakazi walishirikishwa. Changamoto ndogondogo hazikosekani, lakini tunakwenda vizuri." Katika jibu la kwanza kuna "ni-", idadi, muda na ugomvi. Katika la pili kuna kituo cha sekunde tatu, "ilionekana", kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, na "tu-" inayojitokeza kwenye habari njema peke yake. "Kuondoa" kumegeuka kuwa "kupanga upya". Hujajua sababu bado, lakini sasa unaweza kuonyesha kwa kidole mahali tahadhari ilipoanza.

4. Taja aina ya tahadhari, bila kuitafsiri. Kuna jibu lililonakiliwa kutoka kwenye nyaraka rasmi, ambalo utalitambua kwa sababu ulizisoma. Kuna kuhamisha jambo, ambapo mhojiwa anazungumzia miaka ya zamani au idara nyingine ilhali uliuliza ya leo na ya kwake. Kuna kuzunguka mbuyu, yaani jibu refu lenye maelezo mengi ya kweli yasiyogusa swali. Kuna kurudisha swali: "Wengine wamekuambia nini?" Hilo lina uzito, kwa kuwa linaonyesha anahofia kutofautiana na wenzake. Na kuna kuuma na kupuliza, ambako sentensi moja inalaumu na inayofuata inafuta lawama; hapo mtafiti mchanga hunukuu nusu moja anayoipenda. Nukuu zote mbili, kwa sababu jibu lake ni mwendo kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Tofauti na hizo ni kukataa waziwazi, "hilo siwezi kulizungumzia". Hilo nalihesabu kuwa jibu safi kuliko yote, kwa kuwa limekuchorea mpaka.

5. Kwa kila alama, andika maelezo yasiyopungua matatu yanayoweza kuwa ya kweli. "Hataki kusema" ni moja tu kati ya hayo, ingawa ndilo linalomjia mtafiti kwanza kwa kuwa linanogesha hadithi. Huenda hawezi kusema kwa sababu ya shauri lililoko mbele ya kamati au mkataba wa usiri. Huenda swali lako lilikuwa na mambo mawili ndani yake, akajibu lile jepesi. Huenda amechoka. Na lipo linalosahaulika kuliko yote: huenda hajui. Mameneja wengi hupelekewa maamuzi yaliyokwisha kufanywa na hutakiwa kuyaeleza kana kwamba ni yao, hivyo "ilionekana ni vyema" inaweza kuwa maelezo sahihi kabisa ya jinsi habari ilivyomfikia. Ukimwandika kuwa anaficha ilhali hakuambiwa, umekosea juu ya mtu, na pia umepitwa na tokeo muhimu kuhusu mamlaka mahali hapo.

6. Uliza tena kwa njia nyingine. Ukiitambua tahadhari ungali mbele yake, usirudie swali lile lile kwa sauti ya juu zaidi. Omba tukio moja mahususi: "Nisaidie kuelewa siku yenyewe, taarifa ilikufikia vipi, na ulifanya nini baada ya hapo?" Mbinu ya kujenga mahojiano juu ya matukio mahususi ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan mwaka 1954, na bado inafanya kazi kwa sababu ni vigumu kujibu tukio kwa lugha ya sera. Unaweza pia kuuliza kuhusu mtu mwingine: "Meneja mpya akija kushika nafasi yako, ungemwonya nini kuhusu miezi mitatu ya kwanza?" Wengi hujibu swali hilo kwa uzoefu wao wenyewe, japo si lazima iwe hivyo, kwa hiyo usiliandike kama ungamo.

Njia ya tatu ni kunyamaza. Katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, watafiti walianza mwaka 1928 mpango uliokuja kuwahoji zaidi ya wafanyakazi 20,000. Walianza na maswali yaliyopangwa, wakagundua kwamba watu walikuwa na mambo mengine waliyotaka kuyasema, wakabadili utaratibu na kuwaacha wazungumze huku wao wakisikiliza; mahojiano yakawa marefu zaidi. Wale hawakuwa mameneja, lakini somo linahamishika: hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla ya kuuliza swali linalofuata.

7. Linganisha na ushahidi wa nje. Tafuta kumbukumbu za vikao, matangazo, ratiba za zamu na maelezo ya watu wa ngazi nyingine. Uliza jambo lile lile kwa swali la kawaida, na kamwe usibebe maneno ya mmoja kwenda kwa mwingine, hata kwa kudokeza. "Nimesikia kwamba" ni maneno mawili yanayoweza kummaliza mtu kazini.

8. Andika tafsiri kwa kiwango cha uhakika ulichonacho. Kanuni ninayowapa ninaowasimamia ni sentensi tatu kwa mpangilio: alichosema, kilichobadilika, na maelezo unayoyaona kuwa na nguvu pamoja na ushahidi wake. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi: "Meneja alieleza kuondolewa kwa zamu ya usiku kuwa ni kuzipanga upya. Tofauti na sehemu nyingine za mahojiano, hapa hakujitaja wala kumtaja mtenda mwingine. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha uamuzi ulifika katika idara ukiwa umekwisha kupitishwa, jambo linaloelekea kueleza umbali huo." Usipokuwa na kumbukumbu hizo, sentensi ya tatu itaje maelezo mawili yanayowezekana na kuishia hapo.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kusoma mwili. Mtafiti anaandika kwamba meneja aliangalia dirishani, akagusa shingo, kwa hiyo alidanganya. Uchambuzi mkubwa wa wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo uliochapishwa mwaka 2006, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba watu wanaojaribu kutofautisha ukweli na uongo bila vifaa maalumu hupatia kwa wastani asilimia 54, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Dirisha liandike katika daftari ukipenda, lakini lisiingie katika hoja.

Kosa la pili ni kuamini uwazi. Meneja anayekuegemea na kukunong'oneza "nitakueleza ukweli wenyewe" anaweza kuwa anajenga taswira kwa ustadi kuliko yule anayekupa sentensi za taarifa ya mwaka. Maneno yake nayo yapite hatua ya tano na ya saba.

Kosa la tatu linatokana na methali tuliyokua nayo, kwamba lisemwalo lipo. Mtaani inafaa, lakini katika utafiti uvumi wa wafanyakazi watatu waliosikia kutoka kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja.

Kosa la nne ni kumfichua mhojiwa kwa kuondoa jina peke yake. Ikiwa idara ina meneja mmoja wa ununuzi, kuandika "meneja wa ununuzi" ni sawa na kumtaja, na nukuu ya tahadhari ndiyo wenzake watakayoitambua haraka zaidi kwa sababu wanaijua namna yake ya kukwepa.

Mambo yanapokwama

Majibu yote ni ya tahadhari, tangu salamu hadi mwisho. Huna sauti ya kawaida ya kulinganisha nayo, hivyo usidai kwamba jambo fulani ndilo lililomfunga. Rudi kwenye maelezo ya hatua ya kwanza. Chanzo kwa kawaida ni namna ulivyotambulishwa. Omba mkutano wa pili mfupi, mahali pengine, na uanze kwa kueleza upya wewe ni nani na matokeo yatamfikia nani.

Kuna mtu mwingine aliyekaa ndani ya chumba, msaidizi au ofisa uhusiano. Usimfukuze. Andika ni maswali gani yalimfanya meneja amtazame, na yapi yalijibiwa na mgeni huyo badala yake, kisha ueleze katika mbinu za utafiti kwamba mahojiano yalifanyika mbele ya mtu wa tatu.

Amekataa kurekodiwa. Andika maneno yake mwenyewe kadiri uwezavyo, hata yakiwa machache, ukiyatenga na muhtasari wako kwa alama za nukuu. Uchambuzi wa viambishi katika hatua ya tatu utaufanya kwenye maneno hayo tu, kwa sababu vitenzi vya muhtasari ni vyako.

Anaanza kuzungumza vizuri mara tu kinasa kinapozimwa. Hutokea mno. Muulize hapo hapo kama unaweza kuyatumia maneno hayo, na kwa masharti gani. Akisema hapana, hayatumiki, wala hayageuzwi kuwa "chanzo kimoja kilidokeza". Ruhusa uliyo nayo ni ya kuyatumia katika kutunga maswali mazuri zaidi ya jumla kwa wahojiwa wajao, alimradi hayamrudii yeye.

Mameneja wanne wametumia sentensi ile ile. Kabla hujafurahia kwamba wanakubaliana, itafute katika matangazo ya ndani. Ukiikuta, una tokeo kuhusu jinsi ujumbe ulivyosambazwa. Usipoikuta, uliza kama walikutana kabla ya ziara yako. Wengine watakujibu bila wasiwasi wowote.

Ameomba unukuzi, kisha ameurudisha akiwa amefuta aya mbili. Kama fomu ya ridhaa ilimpa haki hiyo, aya hizo zimekwenda, pamoja na nakala zake. Usizinukuu na usieleze zilihusu nini. Unachoweza kuandika ni kwamba baadhi ya wahojiwa walitumia haki yao ya kuondoa sehemu za mahojiano, ilimradi idadi ya wahojiwa iwe kubwa kiasi kwamba hakuna atakayejulikana kwa hilo.

Wewe na mwenzako mmeweka alama tofauti kwenye unukuzi mmoja. Msipige kura. Kila mmoja aonyeshe neno, kituo au kitenzi alichokiegemea. Asiye na cha kuonyesha aondoe alama yake, na mkibaki wote na ushahidi, hifadhini tafsiri zote mbili katika daftari mpaka mahojiano yanayofuata yaongeze kitu.